Habari za John Quincy Adams na Karatasi Zake

1. Utoto wake

Upande wa mashariki wa nchi ya Marekani, karibu na bahari, liko jimbo liitwalo Massachusetts. Katika jimbo hilo, kwenye mji mdogo wa wakulima ulioitwa Braintree, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 11 Julai 1767, akapewa jina la John Quincy. Baba yake alikuwa John Adams, mwanasheria, ambaye baadaye alikuwa Rais wa pili wa Marekani. Mama yake, Abigail, hakupelekwa shuleni alipokuwa msichana, kwa kuwa zamani hizo wasichana wengi hawakusomeshwa. Walakini alijifunza kwa vitabu vilivyokuwa nyumbani, akawa mwanamke mwenye maarifa mengi na mwandishi hodari wa barua.

Siku zile Marekani haikuwa na serikali yake yenyewe, bali ilikuwa makoloni ya mfalme wa Uingereza. Watu walitozwa kodi zilizoamriwa na Bunge la London, na katika Bunge lile hawakuwa na mjumbe hata mmoja wa kuwasemea. Waliandika arzuhali, yaani hati za kuomba haki, wakazipeleka kwa mfalme, wala hawakupata jibu la kuwaridhisha. Mtu asiyesikilizwa mwisho hukasirika. Mwaka 1775 vita vikaanza.

Tarehe 17 Juni ya mwaka ule, Abigail alipanda kilima kilichokuwa karibu na nyumba yao pamoja na mwanawe, ambaye alikuwa hajatimiza miaka minane. Wakiwa juu kilimani waliisikia mizinga ikinguruma, wakauona moshi wa mji wa Charlestown uliokuwa ukiteketea kwa moto. Baba hakuwako, alikuwa mbali, mjini Philadelphia, katika mkutano wa wajumbe wa makoloni. Mtoto aliyaona mambo hayo kwa macho yake, wala hakuyasahau mpaka uzeeni.

2. Daftari la kila siku

Mwaka 1778 baba yake alitumwa kwenda Ufaransa kwa kazi ya nchi yake, akamchukua mwanawe. Wakarudi nyumbani, kisha mwezi wa Novemba 1779 wakasafiri tena. Katika safari hii ya pili kijana, akiwa na miaka 12, alianza kuandika katika daftari mambo ya kila siku. Merikebu yao ilivuja sana, wakalazimika kutia nanga Ferrol, bandari ya Hispania. Kutoka hapo wakaendelea kwa nchi kavu, wakivuka milima wakati wa baridi kali, mpaka wakafika Ufaransa. Habari hizo zote aliziandika.

Alipokuwa na miaka 14 alipelekwa St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi zamani hizo, awe karani wa mjumbe wa Marekani aliyeitwa Francis Dana. Wakubwa wa Urusi walizungumza Kifaransa, na kijana alikuwa amekwisha kujifunza lugha hiyo vizuri kuliko bwana wake. Basi mtoto akawa mkalimani wa mtu mzima.

Daftari alilolianza safarini hakuliacha tena. Aliandika ujana wake wote, akaandika alipokuwa mtu mzima, akaandika hata mkono wake ulipokuwa ukitetemeka kwa uzee. Madaftari yake yamefika 51, na kurasa zake zapita 14,000. Tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho ni muda wa miaka 68.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Ziko siku alizougua, na siku alizolemewa na mambo ya serikali. Katika siku za namna hiyo aliandika mstari mmoja tu wa kumkumbusha, na alipopata nafasi aliandika kwa urefu. Alizoea kuamka kabla ya jua kuchomoza, na saa zile za utulivu alizitumia kwa kusoma na kuandika. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

3. Vyeo alivyopata

Aliporudi kwao aliingia chuo cha Harvard, akamaliza masomo mwaka 1787, akawa mwanasheria. Mwaka 1794 Rais Washington alimfanya mjumbe wa Marekani katika nchi ya Uholanzi, na tangu hapo vyeo vilifuatana. Mwaka 1797 alimwoa Louisa Catherine Johnson mjini London. Alikuwa mjumbe katika Baraza la Senati la jimbo lake, kisha katika Senati ya nchi nzima. Alikuwa balozi Urusi, na mwaka 1814 alikuwa mmoja wa watu waliofanya mapatano ya amani kati ya Marekani na Uingereza katika mji wa Ghent. Tangu mwaka 1817 alikuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje kwa muda wa miaka minane, na mwaka 1825 akawa Rais wa sita wa Marekani.

Urais wake haukuwa na furaha. Alitaka serikali ijenge barabara na mifereji, tena ijenge nyumba ya kutazamia nyota, ili watu waendelee kwa elimu. Lakini alikuwa na wapinzani wengi barazani, na mengi aliyoyataka hayakutendeka. Wala hakuwa mtu wa kupendeza watu kwa maneno matamu. Uchaguzi wa mwaka 1828 ulipokuja, alishindwa na Andrew Jackson.

Mwaka 1829 akatoka katika nyumba ya Rais, na mwaka ule ule mwanawe wa kwanza akafa. Mzee akarudi Quincy, kama ulivyoitwa sasa upande ule wa Braintree alikozaliwa, akiwa na umri wa karibu miaka 62 na moyo uliojaa huzuni. Watu wengi walidhani kwamba kazi yake imekwisha, na kwamba lililobaki ni kupanda miti yake na kungoja kufa.

4. Anarudi akiwa mjumbe

Mwaka 1830 watu wa upande wake walimwomba akubali kuchaguliwa awe mjumbe wao katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Wako waliosema kwamba ni aibu mtu aliyekuwa Rais wa nchi nzima kuketi barazani kama mjumbe wa wilaya moja. Adams alijibu kwamba hakuna aibu kwa mtu yeyote kuwatumikia watu, ijapokuwa kazi yenyewe ni ndogo. Akachaguliwa, akaingia barazani mwezi wa Desemba 1831. Watu wale wakamchagua tena na tena, akakaa barazani mpaka alipokufa, karibu miaka 17. Mpaka leo hakuna Rais mwingine wa Marekani aliyeshika kazi katika Baraza la Wawakilishi baada ya kutoka katika urais.

Wakati ule katika majimbo ya kusini ya Marekani walikuwako watumwa zaidi ya milioni mbili. Wao wenyewe, au wazazi wao, au babu zao, walitoka katika bara la Afrika. Waliuzwa na kununuliwa kama mifugo, na mtoto wa mtumwa alizaliwa mtumwa. Hata katika mji mkuu wa Washington, karibu na nyumba ya baraza, watu walinunuliwa na kuuzwa.

Katika majimbo ya kaskazini walikuwako watu waliochukizwa na mambo hayo. Nao wangefanya nini? Katiba ya Marekani ilimpa kila mtu haki ya kuandika arzuhali kwa serikali. Basi wakaandika. Waliandika mafundi na wakulima, Waafrika waliokuwa huru, na hasa wanawake. Zamani hizo mwanamke hakuwa na ruhusa ya kupiga kura, bali hakuna aliyeweza kumkataza kutia sahihi yake katika arzuhali. Wanawake wakaenda nyumba kwa nyumba, wakakusanya majina, wakayapeleka Washington.

Siku zake za kwanza barazani, Adams alileta arzuhali 15 za watu wa Pennsylvania, wa dhehebu la Marafiki, walioomba utumwa ukomeshwe katika mji mkuu. Yeye mwenyewe siku ile hakukubaliana na yote waliyoyaomba. Aliziwasilisha kwa sababu raia wameandika, na neno la raia sharti lifike mahali lilikopelekwa. Hapo ndipo ulipoanza ugomvi mkubwa wa maisha yake.

5. Amri ya kuziba vinywa

Wajumbe wa kusini waliokuwa na watumwa waliudhika sana. Mwezi wa Mei 1836 baraza likapitisha amri kwamba arzuhali yoyote yenye kutaja habari za utumwa iwekwe kando. Isichapwe wala isipelekwe kwa kamati, na neno lolote lisifanyike juu yake. Watu wakaiita amri ya kuziba kinywa.

Jina la Adams lilipoitwa ili apige kura, alisimama akasema kwa sauti kuu kwamba amri ile yavunja Katiba ya nchi, yavunja kanuni za baraza, tena yavunja haki za watu waliowatuma wajumbe. Wenzake wakapiga kelele ili asisikike. Akaketi, lakini hakunyamaza.

Kwa miaka minane alipigana na amri ile kwa akili. Alizijua kanuni za baraza kuliko wajumbe wote. Arzuhali ilipokatazwa kusomwa, yeye alieleza upesi imetoka mji gani na ina majina mangapi, na kabla hajanyamazishwa maneno yalikuwa yamekwisha kusikika. Siku moja mwaka 1838 alileta barazani arzuhali zaidi ya 300. Wapinzani wakamtisha, na barua za kumwambia kwamba atauawa zikamfikia nyumbani. Yeye akazihifadhi barua zile pamoja na karatasi zake nyingine, akaendelea na kazi.

Siku moja mwezi wa Februari 1837 alisimama akamwuliza Spika wa baraza swali. Alisema anayo karatasi iliyotiwa alama za watu 22 ambao yaonekana ni watumwa, naye ataka kujua kama karatasi ya namna hiyo yaingia katika ile amri. Baraza likachafuka. Wengine walitaka aadhibiwe, wengine wakasema afukuzwe. Wakamshutumu siku kadhaa. Mwisho mzee akawaambia wangaliuliza kwanza karatasi ile yasema nini. Kwa maana haikuomba utumwa ukomeshwe, bali iliomba usikomeshwe! Labda ilikuwa hila ya adui wa kumtega. Watu wakacheka, na waliomshitaki wakaona haya.

Lakini ndani ya kicheko kile lilikuwamo jambo zito. Baraza likaamua kwa kura kwamba mtumwa hana haki ya kuandika arzuhali. Adams alikuwa ameonyesha kwamba hata maombi kwa Mwenyezi Mungu ni arzuhali, wala hakuna mfalme aliye mkatili hata akataze watu wake kuomba. Mtu aliyenyimwa mshahara na uhuru wake, sasa alinyimwa hata ruhusa ya kulia.

6. Watu wa jahazi la Amistad

Mwaka 1839 Waafrika wengi wa upande wa nchi iitwayo sasa Sierra Leone, wengi wao wa kabila la Wamende, walikamatwa, wakauzwa, wakavushwa bahari mpaka Havana katika kisiwa cha Kuba. Biashara ya kuwatoa watu Afrika ilikuwa imekwisha kukatazwa na sheria ya Hispania yenyewe, nchi iliyotawala Kuba, lakini ilifanyika kwa siri. Wahispania wawili wakanunua watu 53, wakiwamo watoto wanne, wakawapakia katika jahazi lililoitwa Amistad. Kwa Kihispania maana ya jina hilo ni urafiki.

Mmoja wao alikuwa mkulima aliyeitwa Sengbe Pieh. Usiku mmoja alijifungua minyororo, akawafungua wenzake, wakashika mapanga ya kukatia miwa, wakamwua nahodha na mpishi, wakalitwaa jahazi. Wale mabwana wawili wakawaacha hai ili wawaongoze mashariki, kwao Afrika. Wahispania wakawahadaa. Mchana walielekea mashariki, na usiku waliligeuza jahazi kaskazini. Baada ya wiki nyingi za njaa na kiu walifika pwani ya Marekani, wakakamatwa na manowari, wakatiwa gerezani katika jimbo la Connecticut.

Hakuna aliyejua lugha yao. Mwalimu mmoja wa chuo cha Yale, Josiah Gibbs, alijifunza kwao kuhesabu kwa Kimende, kisha akaenda bandarini New York, akitembea kati ya mabaharia na kuhesabu kwa sauti. Mwisho baharia mmoja Mwafrika, James Covey, aliyafahamu maneno yale. Ndipo wafungwa walipoweza kueleza habari zao.

Serikali ya Hispania iliwadai, na Rais wa Marekani alitaka kuwarudisha. Mashitaka yakafika Mahakama Kuu ya nchi. Marafiki wa wafungwa wakamwendea Adams. Alikuwa na miaka 73, na zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita tangu aliposimama mwisho kuwa wakili mbele ya mahakama ile. Aliogopa kwamba uzee wake utawaponza watu wale, walakini alikubali, bila ya kutaka malipo. Mwezi wa Novemba 1840 akaenda gerezani kuwaona kwa macho yake. Walikuwa wamekwisha kuanza kujifunza Kiingereza, na mwezi wa Januari 1841 mtoto mmoja miongoni mwao, jina lake Kale, alimwandikia barua kueleza shida yao na haki yao. Tazama, mtoto aliyekuwa hajui kusoma miaka miwili kabla, alikuwa ameandika arzuhali yake mwenyewe.

Adams akazisoma hati zote za mashitaka, neno kwa neno. Akaona jambo. Hati za Havana ziliwaita watu wale kwa neno la Kihispania lililotumiwa kwa Waafrika waliokaa Kuba siku nyingi. Huo ulikuwa uongo wa wazi, kwa kuwa hawakujua hata Kihispania. Lakini katika kitabu kilichochapwa na serikali, neno lile lilikuwa limegeuzwa kwa Kiingereza likasemwa kama kwamba maana yake ni watu wenye afya nzuri. Kwa neno moja lililogeuzwa uongo ulikuwa umefichwa, na uhuru wa watu ulikuwa hatarini. Mzee akalifichua.

Tarehe 24 Februari 1841 alisimama mbele ya majaji, akasema zaidi ya saa nne, na tarehe 1 Machi akaendelea tena. Tarehe 9 Machi hukumu ikatolewa. Waafrika wale walikuwa watu huru walioibwa kwao, wala si mali ya mtu. Wafadhili wakachanga fedha za nauli, na watu 35 waliobaki hai wakarudi Sierra Leone, wakafika mwezi wa Januari 1842. Kabla ya kuondoka walimpelekea wakili wao zawadi ya Biblia, nayo imetunzwa mpaka leo katika mji wa Quincy.

7. Hukumu ya mzee na mwisho wa amri

Mwezi ule ule wa Januari 1842, Adams alileta barazani arzuhali ya raia 46 wa mji wa Haverhill, Massachusetts. Watu hao, kwa hasira ya kuchangia serikali iliyolinda utumwa, waliomba muungano wa majimbo uvunjwe. Adams hakupenda kabisa muungano uvunjwe. Alitaka kamati iteuliwe iwajibu na kuwaeleza kwa nini haifai. Lakini wapinzani wake waliona kwamba sasa wamempata. Wakamshitaki barazani kana kwamba ameihaini nchi.

Mzee wa miaka 74 akasimama kujitetea. Kwanza akamwomba karani asome maneno ya Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776, lile ambalo baba yake mwenyewe alikuwa mmoja wa walioliandaa. Kisha akawajibu wapinzani mmoja mmoja, siku baada ya siku, karibu wiki mbili, akiwaonyesha katika karatasi na vitabu vyake mambo waliyoyasema na kuyatenda wao wenyewe. Mwisho walichoka wao, si yeye. Tarehe 7 Februari wajumbe 106 kwa 93 walipiga kura mashitaka yawekwe kando, na siku ile ile yeye akaendelea kuleta arzuhali.

Tangu hapo nguvu ya amri ile ilizidi kupungua. Kila kikao alitaka ifutwe, na kila kikao kura zilizomwunga mkono ziliongezeka. Tarehe 3 Desemba 1844 amri ikafutwa kwa kura 108 dhidi ya 80. Siku ile aliandika katika daftari lake maneno machache ya kumshukuru Mungu.

Tarehe 21 Februari 1848 alikuwa kitini pake barazani. Kura ilipigwa juu ya kuwashukuru majemadari wa vita vya Meksiko, vita alivyovikataa tangu mwanzo, naye akajibu hapana kwa sauti ya kusikika. Muda kidogo baadaye alijaribu kuinuka, akaanguka kwa kiharusi. Wakamchukua katika chumba cha Spika, kwa kuwa hakuweza kupelekwa mbali, na huko akafa tarehe 23 Februari, mwenye umri wa miaka 80. Hata wale waliomshitaki walifuata jeneza lake. Akazikwa Quincy, katika kanisa walimozikwa baba na mama yake.

Utumwa wenyewe hakuuona ukiisha. Ulikomeshwa katika Marekani yote mwaka 1865, baada ya vita vikali vya wenyewe kwa wenyewe.

8. Karatasi zake

Adams aliacha urithi wa karatasi nyingi, nazo ni madaftari, barua, hotuba na hesabu za nyumbani. Katika wasia wake alitaka ijengwe nyumba isiyoweza kuungua moto, ili vitabu na karatasi zake vikae humo. Mwaka 1870 mwanawe, Charles Francis, alijenga nyumba ya mawe huko Quincy kwa kazi hiyo. Huyo pia alichapisha sehemu kubwa ya madaftari katika vitabu 12, miaka ya 1874 hata 1877. Baadaye karatasi zilihamishwa Boston, katika nyumba ya Chama cha Historia cha Massachusetts, na mwaka 1956 jamaa wa Adams walikipa chama hicho ziwe zake kabisa. Siku hizi kurasa za madaftari zimepigwa picha, na kila atakaye aweza kuzisoma.

Karatasi hizo hazimsifu mwenyewe tu. Zinamwonyesha akiwa mkali, mwepesi wa kuwahukumu wenzake, na tena mwepesi wa kujihukumu. Zinaonyesha kwamba mwaka 1820, alipokuwa waziri, aliandika kwa siri kwamba utumwa ni uovu mkubwa, na hadharani akanyamaza. Zinaonyesha pia kwamba alipokuwa katika kazi ya ubalozi na uwaziri aliwadai Waingereza fedha kwa ajili ya mabwana ambao watumwa wao waliwakimbilia. Angeweza kuzichoma kurasa hizo, na watu wangalimkumbuka kwa mema matupu. Hakuzichoma. Aliziacha zishuhudie kwamba mtu aliyenyamaza akiwa na miaka 53 aweza kusema akiwa na miaka 70.

Hata arzuhali zile nyingi, zilizokatazwa kusomwa, hazikupotea zote. Nyingi zimo katika nyumba ya kumbukumbu za serikali mjini Washington. Karatasi zimegeuka rangi, wino umefifia, lakini majina yangali yanasomeka: ya wakulima, ya washonaji, ya akina mama wasiokuwa na kura. Waliokataa kuzisikiliza wamesahauliwa, na majina ya wadogo yamebaki.

Basi mwenye kujua kuandika amepewa amana. Aandike kweli, ayatunze aliyoyaandika, na asimnyime mwenzake nafasi ya kusikilizwa, hasa mwenzake aliye mnyonge. Mali bila daftari hupotea bila habari, na haki nayo ni vivyo hivyo.

MASWALI

1. Arzuhali ni nini? Kwa nini wanawake wa Marekani waliitumia sana?
2. Adams alianza kuandika daftari lake akiwa na umri gani, na katika safari ipi?
3. Kwa nini watu wengine waliona ni aibu Adams kuwa mjumbe? Yeye alijibu nini?
4. Eleza amri ya kuziba kinywa. Ilidumu tangu mwaka gani hata mwaka gani?
5. Josiah Gibbs alifanya nini ili apate mkalimani wa Wamende?
6. Neno moja lililogeuzwa katika hati lingewadhuru vipi watu wa Amistad?
7. Wewe waonaje: Adams alifanya vema kuacha kurasa zinazoonyesha makosa yake? Toa sababu.
8. Andika arzuhali fupi kwa mkubwa wa kijiji chako, ukiomba jambo moja lenye manufaa kwa watu wote.